Jina la Mtunzi Lisifutwe Njiani

Limezuka neno midomoni mwa watu, na kila kukicha linazidi kupata wafuasi, ya kwamba intaneti imekuja kuviua vitabu. Nimelisikia barazani Mombasa, nimelisikia katika mikutano ya waandishi Nairobi, na nimelisikia hata kwa mwalimu mmoja huko Nuu, upande wa mashariki wa Kitui, mahali ambapo mgeni angedhani kuwa habari za vitabu hazina nafasi mbele ya habari za mvua. Mimi neno hilo silikubali. Kitabu hakiuawi na chombo kinachokichukua. Wakati wa ngozi kilikuwapo, wakati wa karatasi kikawapo, ilipokuja matbaa kikaongezeka, na sasa kimeingia katika simu, na bado ni kitabu. Linaloniogofya mimi ni jingine, dogo kwa kulitazama lakini zito kwa madhara yake: katika safari hii mpya ya kitabu, jina la aliyekitunga linadondoka njiani, wala hapana anayegeuka kuliokota.

Hebu tulitazame jambo hili taratibu, maana mizizi yake ni mirefu. Watu wengi wakitaja intaneti hudhani kuwa wanataja kitu kisichopata kuwa na mfano duniani. Kwa kasi yake, naam, mfano hauna. Lakini kwa kazi yake, intaneti ni mnakili. Anachokiandika mtu Lamu asubuhi, kabla ya adhuhuri kimeshanakiliwa Maskati, Toronto na Kitui, na kila nakala ni sawa na asili yake. Basi sisi watu wa pwani kunakili hatukukuanza jana. Kabla ya matbaa kutufikia, kila kitabu kilichokaa katika kidaka cha nyumba ya Pate au Siyu kilikuwa ni nakala iliyoandikwa kwa mkono wa mtu, kutoka katika nakala ya mtu mwingine. Walionakili wakati ule na wanaonakili leo wanafanya kazi moja. Kilichobadilika ni adabu ya kazi yenyewe.

Mimi nilianza kusoma chuoni kabla ya kupelekwa skuli ya serikali. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alikuwa akitupa tenzi tuzinakili, hasa zile ambazo hazijapata kupigwa chapa. Alikuwa na sharti moja ambalo hakumsamehe mtu. Ukimaliza kunakili, mwisho wa karatasi uandike kwanza jina la mtunzi, kisha jina la mwenye nakala uliyoitumia, kisha jina lako wewe na siku uliyomaliza, na mwisho uwaombe wasomaji wakusahihishe palipokosewa. Mwanafunzi aliyeliacha jina la mtunzi alirudishiwa kazi yake yote, aianze upya tangu bismillahi.

Sababu yake alitueleza. Alisema kuwa katika elimu ya hadithi za Mtume, maneno hayapokewi kwa uzuri wake peke yake. Huulizwa kwanza: umeyapata kwa nani, na yeye aliyapata kwa nani, mpaka mnyororo ufike kwa aliyeyasikia kwa masikio yake. Mnyororo huo ndio sanadi. Neno lisilo na sanadi, hata liwe tamu namna gani, wanavyuoni huliweka kando. Mwalimu wetu aliona kuwa kanuni hiyo inafaa hata kwa utenzi wa kuchezeshea mtoto. Alituambia kuwa anayechukua maneno ya mtu bila ya kumtaja amefanya mambo mawili kwa mkupuo mmoja: amemwibia aliyesema na amemdanganya anayesikia.

Tazama sasa faida ya adabu hiyo. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, twajua kuwa ni wa Bwana Mwengo wa Athumani. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake wasia mwaka 1858, na leo kila mtoto anayesoma fasihi anamjua kwa jina, ingawa alikuwa mama mgonjwa aliyekuwa akisema na mwanawe tu. Kwa upande mwingine, mtazame Fumo Liyongo. Mashairi anayopewa yeye ni mengi, na wataalamu mpaka leo wanabishana: hili ni lake kweli, au ni la aliyekuja baadaye? Hapo sanadi ilikatika, na iliyokatika haiungiki. Muyaka bin Haji naye alikaribia kupatwa na hayo. Alifariki karibu na mwaka 1840, na mashairi yake yakabaki vifuani mwa watu wa Mombasa. Lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah kuyakusanya na kuyaeleza, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor, yangetawanyika. William Hichens alikuja kuyatoa kitabu huko Johannesburg mwaka 1940, miaka 100 baada ya mwenyewe kuzikwa. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mashairi ni mali, na jina la mtunzi ndilo mstari wa kwanza wa daftari.

Sasa nieleze Nuu inaingiaje katika habari hii ya pwani. Nilikwenda huko kumzuru rafiki yangu wa zamani ambaye ni mwalimu wa Kiswahili. Kutoka Mombasa nilishika njia ya Kibwezi, Mutomo na Kitui, nikafika Mwingi, na hapo ukaiacha barabara kuu iendayo Garissa, ukashika upande wa mashariki mpaka milima ya Nuu ikainuka mbele yako. Ni nchi kavu, ya migunga na mizinga ya nyuki, na watu wake hulima zile ndengu ambazo sisi pwani twaziita pojo. Mvua ikikataa, karo ya mtoto imekataa. Katika nchi ya namna hiyo mtu hawezi kuzungumza juu ya kununua vitabu kama anayezungumza na wakaaji wa Nairobi, nami nitalirudia jambo hilo hapa chini.

Pale sokoni pana kibanda ambamo watu hutia simu zao moto. Nilimkuta humo kijana wa kidato cha nne ameinama juu ya simu yake, anasoma. Nilimwuliza anasoma nini.

"Bembea ya Maisha, mzee. Tuna mtihani."

Nikamwomba anionyeshe. Ilikuwa ni picha za kurasa, moja moja, zilizopigwa na mtu kwa simu, nyingine zimepinda, nyingine zina kivuli cha kidole. Tamthilia yenyewe kijana aliijua barabara: wahusika, maudhui na mbinu za lugha, vyote alinitajia kama anayetaja majina ya ndugu zake. Nikamwuliza ni nani aliyeiandika.

"Jina hilo sijaliona, mzee. Ilitumwa kwenye grupu. Imeanzia ukurasa wa kwanza wa hadithi."

Jalada halikupigwa picha. Aliyenakili aliona kuwa jalada si sehemu ya mtihani. Nilimwambia kijana kuwa mwandishi ni Timothy Arege, naye akaliandika jina hilo kiganjani mwake kwa kalamu, kwa heshima kubwa. Kijana huyo simlaumu hata chembe. Ni msomaji hodari kuliko wengi wenye makabati ya vitabu mjini. Lakini fikiri, ndugu msomaji: mtu ameketi miaka na mwandishi, kwa maana amesoma kila neno lake, na hajui kuwa mwandishi huyo yuko duniani!

La pili nilisimuliwa nyumbani kwa mwenyeji wangu. Pana bibi mmoja wa huko, msimulizi wa ngewa, ndizo hadithi kwa Kikamba. Mjukuu wake alimrekodi kwa simu usiku mmoja, akazituma ngewa zile kwa ndugu zake walioko Nairobi, kwa nia njema kabisa. Hazikupita siku nyingi, moja katika ngewa hizo ikarudi Nuu kwa njia ya WhatsApp, safari hii ikiwa imeandikwa, imepambwa kwa picha, na chini yake pana jina la mtu ambaye hakuna anayemjua. Bibi aliposomewa alicheka, akasema kuwa mtu huyo hata kumalizia hajui, ameukata mwisho wake. Wenyeji walicheka naye. Mimi kicheko kilinishinda.

Nisije nikadhaniwa kuwa ninawahurumia watu wa Ukambani kama watu wasiokuwa na maandishi. La hasha! Kikamba kilipigwa chapa mapema sana: Krapf, aliyefika Kitui kwa Mzee Kivoi mwaka 1849 akitokea kwetu Rabai, alitoa Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka 1850. Mswidi Gerhard Lindblom alikusanya hadithi, mafumbo na methali za Wakamba, akazitoa vitabu huko kwao kati ya mwaka 1928 na 1935. Vitabu hivyo vina faida kubwa, lakini jina lililo jaladani ni la Lindblom. Kisha wakaja wenyewe. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alitoa kitabu chake cha Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake, mwaka 1954, na mwaka 1966 akatoa mkusanyo wa hadithi za watu wake. Dunia inamjua kwa vitabu vya dini na falsafa, lakini alianza na ngewa, na kabla ya kufariki mwaka 2019 alikuwa amekwisha kuifasiri Agano Jipya lote kwa Kikamba kutoka katika Kiyunani. David Maillu naye, mzaliwa wa Kilungu huko Makueni, alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, katika miaka ya 1970, akatoa vitabu vidogo vya bei nafuu vilivyosomwa katika mabasi na maofisini. Wako waliovichukia, na Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976. Lakini hata waliovichukia walijua ni vya nani. Penda usipende, jina la Maillu lilikuwa juu ya jalada, naye alisimama nyuma yake.

Na mimi mwenyewe sikuepuka. Mwaka juzi nililetewa katika simu shairi la nasaha ya ndoa, na ujumbe juu yake unaoniamrisha nilitume kwa watu kumi ili nipate baraka. Nililisoma ubeti wa kwanza, nikaona linanijua. Lilikuwa langu, nililolitunga kwa arusi ya mpwa wangu na likatoka katika gazeti. Beti mbili zilikuwa zimeondolewa, vina vya ubeti wa nne vimeharibiwa na mtu asiyejua mizani, na chini yake imeandikwa: Mtunzi hajulikani. Aliyenitumia ni jirani yangu, tunasali msikiti mmoja. Nilimwambia, "Bwana, mtunzi anajulikana, na jana umemkopa sukari."

Tunacheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha, na madhara yake nayahesabu kuwa matatu.

La kwanza ni riziki. Mwandishi wa vitabu katika nchi hii hapati mshahara kwa kuandika. Anapata fungu dogo katika bei ya kila nakala inayouzwa, na kitabu kikichaguliwa kuwa kitabu teule cha shule ndipo aghalabu huonja, labda mara moja maishani mwake, ladha ya jasho lake. Nakala ya picha inayozunguka katika makundi ya simu haimletei hata senti moja. Na jina lake likishaondolewa, hata yule msomaji mwenye moyo wa kutaka kumlipa hajui amlipe nani.

La pili ni dhima. Neno lenye jina lina mtu wa kulijibu. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya maandishi ya siasa, akatoka mwaka 1972, na mwaka uliofuata akayatoa mashairi aliyoyatunga gerezani, Sauti ya Dhiki, kwa jina lake, mchana kweupe. Huo ndio uandishi: mtu kusema na kusimama karibu na alichokisema. Leo simu zetu zimejaa maneno yasiyo na baba wala mama. Nasaha imechanganyika na uzushi, dawa imechanganyika na sumu, na kwa kuwa vyote vimekuja bila ya jina, msomaji hana kipimo cha kuvitenganisha. Tukiwazoesha vijana kusoma fasihi bila ya kuuliza ya nani, tumewafundisha kupokea kila kitu bila ya kuuliza cha nani. Ndipo unapoona watu wazima wakiamini habari ya uongo kwa kuwa imeandikwa kwa herufi kubwa.

La tatu ni kukatika kwa njia. Jina la mtunzi ni mlango. Mtu akipenda kitabu kimoja, kwa jina hilo atatafuta cha pili, na kwa cha pili atafika kwa wenzake mtunzi. Kijana wa Nuu aliyeipenda tamthilia moja bila ya kujua ya nani, mtihani ukiisha mlango umefungwa. Atasema kuwa amemaliza kusoma, ilhali ndiyo kwanza angeanza.

Najua nitakalojibiwa. Nitaambiwa: wewe mshairi wa mjini, unazungumza habari ya jina na haki, na mzazi wa Nuu hana fedha ya kitabu. Kama si hizo picha za simu, mtoto wake angesoma nini? Jibu hilo ni la haki, wala silikwepi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na hapa wanyonge ni wawili, msomaji na mwandishi, wamesimamishwa kugombana ilhali aliyewagombanisha hayupo. Mwaka 2013 sheria mpya ya kodi iliviingiza vitabu katika ushuru wa asilimia 16, kama kwamba kitabu ni anasa. Mwenye kutaka maktaba ya umma kutoka Nuu yampasa afike Mwingi mjini, na nauli ya kwenda na kurudi si mchezo kwa anayengoja pojo zikomae. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa vishikwambi katika shule za msingi, na jumla yake ilipita milioni moja. Vyombo vilifika. Swali ni vilifika na vitabu vingapi vya hadithi ndani yake, na waandishi wa vitabu hivyo walilipwa nini.

Wala si kweli kwamba nchi kavu haipelekeki vitabu. Mbele ya Mwingi, kwa barabara ile ile, huko Garissa, shirika la maktaba la taifa lilianza mwaka 1996 kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia. Ngamia watatu, mahema na masanduku! Aliyebuni hilo hakusema kuwa watu hawa ni maskini, basi na wasome kilichoibiwa. Alisema kuwa watu hawa wana haki ya kitabu kilichonunuliwa kihalali, na akatafuta mgongo wa kukibebea. Leo mgongo huo ni simu, nao ni mwepesi kuliko ngamia. Kinachokosekana ni yule wa kununua kitabu kimoja kwa niaba ya wengi na kuwafungulia wakisome, na hiyo ndiyo kazi ya maktaba tangu zamani, iwe ya matofali au ya intaneti.

Tena intaneti yenyewe ikitumiwa kwa adabu, ni neema. Mifano ipo. Mwezi wa Machi 2016 kikundi cha waandishi vijana, Jalada, kilichapisha katika intaneti hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o aliyoiandika kwa Kigikuyu, juu ya namna binadamu alivyopata kusimama wima. Siku ile ile ilitoka kwa lugha zaidi ya 30, na humo kulikuwa na Kiswahili, Kikamba na Kigiriama, na baadaye lugha zikapita mia. Ngũgĩ amefariki mwaka 2025, lakini hadithi ile kila inakokwenda inakwenda na jina lake, na jina la aliyeifasiri liko ubavuni. Hiyo ndiyo sanadi ya zama hizi! Kadhalika miswada ya kwetu, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kuchukuliwa London miaka mingi iliyopita, mingi yake sasa imepigwa picha na chuo cha SOAS na kuwekwa wazi katika intaneti. Mtu akiwa na simu anaweza kuutazama mwandiko wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu, yule mnakili mashuhuri, na akajua ni nani aliyetunga, nani aliyenakili, na nani aliyekuwa nayo. Picha hizo nazo husomwa katika simu kama zile za pale kibandani. Zilizo London hazikukatwa jalada, basi.

Kwa hivyo shauri langu ni jepesi, na halingoji wahisani.

Walimu, mnapowatumia wanafunzi wenu kitu cha kusoma, kiwe shairi la beti mbili, kiwe na jina la mtunzi juu yake. Na swali la kwanza darasani liwe ni nani aliyeandika, na ameandika nini kingine. Mkilifanya hilo kwa muhula mmoja, mwanafunzi atalizoea kama alivyozoea kunawa mikono.

Wenye kurekodi wazee, hasa ninyi vijana wa Ukambani mlio na simu nzuri na bibi walio hai, kabla ya ngewa kuanza mwambieni msimulizi ataje jina lake, kijiji chake, na aliyemsimulia yeye. Sauti hiyo haifutiki kirahisi kama maandishi ya chini. Kisha mwombeni ruhusa kabla ya kuipeleka mbali. Sisi chuoni tuliita ijaza: mwalimu hukuruhusu kitabu fulani, ndipo nawe ukafundishe. Bibi wa Nuu naye ana haki ya kutoa ijaza yake.

Wachapishaji, msilie wizi tu. Toeni nakala za simu kwa bei ambayo mzazi mkulima anaiweza, na kwa njia ya kulipa ambayo tayari anaitumia kununulia chumvi. Mtu akikipata kitabu halali kwa urahisi, wengi wao hawatahangaika na picha zenye kivuli cha kidole.

Serikali za kaunti, maktaba sasa ziko mikononi mwenu. Kununua haki ya kitabu kimoja kisomwe na shule zote za Mwingi na Nuu ni gharama ndogo kuliko magari mawili ya wakubwa. Na serikali kuu na iuondoe ushuru juu ya vitabu, halafu ndipo ituhubirie habari ya utamaduni wa kusoma.

Na sisi sote tunaotuma na kutumiwa, sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa mwenye kazi yake, na inailinda kazi hiyo maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini sheria haitaingia katika kila simu kumkamata kila mtu. Kitakachoingia humo ni adabu. Ukipata maneno mazuri yasiyo na jina, uliza kabla ya kutuma. Ukilijua jina, lirudishe mahali pake. Ukishindwa kulijua, sema kuwa hukulipata, wala usiandike kwamba mtunzi hajulikani, kwa maana huenda ni jirani yako.

Mwenye duka akiuza kanga hukuambia imetoka wapi, na mwenye asali hukuambia ya mzinga wa nani. Sisi tunaouza na kugawa maneno hatuna udhuru wa kufanya chini ya hapo. Tuinakili dunia nzima tukitaka, tuipitishe usiku na mchana kutoka Nuu mpaka Maskati, lakini mwisho wa kila nakala pawe na jina la aliyeumwa na tumbo la utunzi. Asiye na fedha ya kumlipa, na awe na ulimi wa kumtaja.